Mramula Nyuma ya Nyumba ya Deodata

Barabara mpya ya mtaa wetu ina urefu wa kama mita mia nne na mtaro wa mawe upande mmoja, na kila mtu anaipita isipokuwa Deodata. Yeye huzungukia nyuma, kwenye uchochoro wa zamani wa tope, mkungu wa ndizi kichwani na ndala mkononi. Watu wanamcheka. Wanasema kachimba mtaro kwa mikono yake mwenyewe, halafu anakwenda kuoga matope. Mimi sicheki, na nitaeleza kwa nini, maana nimechoka kuwa mtu pekee anayejua.

Mtaa wenyewe unaitwa Rwagati, uko Biharamulo, nyuma ya boma la Mjerumani. Wengine wanasema Lwagati, na kibao kimeshapakwa rangi upya mara mbili kwa ajili ya ugomvi huo. Sisi wenye maduka tumekuwapo tangu babu yangu alipokuja kutoka Pangani na mizigo ya watu wengine, akachoka, akakaa. Wasubi walikuwapo kabla yetu na migomba yao. Baadaye wakaja Wazinza, Wahaya waliofundisha shule, Wasukuma na ng'ombe zao, Wahangaza kutoka Ngara. Tunaishi kwa Kiswahili kwa kuwa hakuna anayekubali kuishi kwa lugha ya mwenzake. Tukifanya biashara tunaongea Kiswahili, tukitukanana kila mtu anarudi kwao.

Deodata alikuja mwaka 1994, akiwa msichana wa kama miaka kumi na moja, ameshika nguo ya mama yake. Walisema wametoka Nyakisasa, wilaya ya Ngara. Mama yule aliitwa Bernadetha, ingawa mtaani wote walimwita Bibi tu, hata kabla hajazeeka. Kiswahili hakikumkaa. Alizungumza Kihangaza, au kitu kilichofanana na Kihangaza. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na mtu wa dukani kama mimi hawezi kuvitofautisha. Waliokuwa na masikio ya kuvitofautisha hawakusema neno. Marehemu mama yangu, Bi Biubwa, ndiye aliyeambiwa ukweli, siku Bernadetha alipokuja kununua uzi akaanza kulia mbele ya kaunta. Walitokea Muyinga, Burundi, baada ya mauaji ya mwaka 1993. Walikaa kambini Lukole siku chache, kisha wakatembea kwa miguu mpaka hapa. Mama hakuniambia habari hiyo mpaka alipokaribia kufa.

Deodata alikulia hapa. Aliolewa na Gervas, fundi wa baiskeli, mtu wa Nyakisasa kweli kweli, akamzaa binti mmoja, Joyness. Mtaani tukamwita Mama Joyness. Hakuwa mtu wa maneno. Alilima migomba nyuma ya nyumba, aliuza ndizi, Jumapili alikwenda kigangoni na mama yake, jioni alipika. Ukimuuliza habari za Nyakisasa alisema ni kuzuri, basi. Sijawahi kuona mtu aliyekaa mahali kwa uangalifu kama yule. Alikaa kama mgeni anayekalia ncha ya kiti, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2013 ukaja msako wa watu walioishi nchini bila vibali. Kuna waliofungasha wenyewe, kuna waliosindikizwa. Nyumba tatu za Rwagati zilibaki na sufuria jikoni. Katika wiki hizo, siku moja kabla ya adhuhuri, Deodata aliingia dukani kwetu akataka bafta nyeupe, mita saba. Alisema ni ya mapazia ya kigango. Mimi nilichukua mkasi, lakini mama alininyang'anya akaipima mwenyewe kwa mkono, polepole, akaikunja kama inavyokunjwa sanda, akaongeza kichupa cha marashi ambacho hakikuombwa. Deodata alipotoka nilimuuliza mama tangu lini kigango kinapuliziwa marashi.

"Wewe umeuza kitambaa," mama akasema. "Hukuuza habari."

Mchana ule mvua ya mawe ilipiga Biharamulo mpaka mabati yakawa yanalia, na hakuna aliyetoa pua nje. Siku iliyofuata Deodata alisema mama yake amerudi Nyakisasa kwa ndugu. Watu waliitikia haraka na kubadilisha mazungumzo, kwa kuwa wakati ule kila aliyeondoka alikuwa amekwenda kwa ndugu. Wiki mbili baadaye nilikwenda kwake kununua ndizi, nikaona nyuma ya nyumba, kando ya migomba, mstari wa miche mitano ya mramula.

Wasioujua mramula niwaeleze. Ni mmea wa majani marefu, mwembamba, usiokufa kwa jua wala kwa moto. Huku kwetu ndio unaopandwa mpakani. Kesi za ardhi huishia hapo: wazee wakiuona mramula, wamekwisha kuona mpaka. Hung'oi mramula peke yako. Ukiung'oa kwa siri, mtaa mzima unakuita mwizi, na watoto wako wanaitwa watoto wa mwizi. Deodata alitaka kitu juu ya kaburi la mama yake ambacho hakuna jembe litakalokigusa. Msalaba hakuweza kuuweka. Aliweka mramula. Upande wa pili palikuwa na kiwanja cha mwalimu mmoja Mhaya aliyehamia Bukoba akafia huko, na hakukuwa na mtu aliyekuja kuuliza mpaka wake unapita wapi. Niliitazama ile miche, nikakumbuka bafta, nikaelewa nani amelala pale kabla ya kuchagua ndizi. Niliona ni akili kubwa, na nikajivunia kuwa mtu wa siri.

Gervas alifariki miaka minne baadaye, akazikwa kwao kwa mazishi ya wazi. Deodata akabaki na binti na siri.

Sasa mradi. Kwa kweli ulikuwa mradi mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Shirika moja dogo lilimleta mtaalamu wa mipango miji, dada wa Kisukuma anayeitwa Limi, mpole, asiyevaa miwani ya jua akiongea na watu. Alisema mtaa wetu utafufuliwa na sisi wenyewe. Hapatachorwa kitu ofisini. Tulichagua kamati, mzee Pancras akawa mwenyekiti na mimi katibu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona imamu na katekista wakishika ncha mbili za utepe mmoja wa kupimia.

Wazo la barabara kupita mpakani lilikuwa la mzee Pancras. Yeye ni Msubi, mtu wa haki, na akisema jambo hulisema kwa fimbo. Alisema barabara ikipita katikati ya shamba la mtu itamuua mmoja, lakini ikipita penye mpaka kila jirani atamega kidogo na hakuna atakayelia. Tulipiga makofi. Limi aliandika kwenye daftari akisema hilo hawakulifundisha chuoni.

Limi akauliza jambo lingine siku hiyohiyo. Alisema kama kuna makaburi yoyote, yatajwe mapema, kwa kuwa makaburi yanaheshimiwa na barabara itayakwepa. Mzee Pancras alionyesha manne ya kwao kwenye migomba, na pale barabara ikapindishwa, mpaka leo ina kona. Sisi tulionyesha ya kwetu. Watu walisimama mmoja mmoja wakataja wafu wao kwa majina, na kina mama wengine wakatoa machozi. Deodata alikuwa amekaa kwenye benchi la tatu. Alikuwa anakunja pindo la kitenge chake na kulikunjua.

Mwacheni mtu atafute kosa lake hapo. Angesema nini? Kaburi lina mwenyewe, na mwenyewe ana jina, na jina lina kwao. Wangemuuliza alikufa lini, nani alizika, kwa nini hamkutuita matanga. Joyness alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri kitambulisho cha taifa ili aombe chuo cha uuguzi, na kwenye usaili walikuwa wameshamuuliza mpaka bibi mzaa mama alizaliwa wapi. Alikuwa amejibu Nyakisasa. Mama yake akifungua mdomo, jibu hilo lingegeuka uongo wa binti, na wote wawili wangeitwa kueleza.

Kisha tukafanya matembezi ya mipaka. Tulikwenda watu kama thelathini, Limi mbele na ramani, mzee Pancras akionyesha kwa fimbo. Tulipofika nyuma ya nyumba ya Deodata, miramula ile mitano ilikuwa imenenepa, imegusana majani, imesimama kama ukuta. Mzee akasimama mbele yake akafurahi mno.

"Huu ndio mpaka," akasema. "Mramula wa zamani huu. Aliupanda marehemu baba yangu, kiwanja hiki kikiwa bado chetu, na yule baba wa mwalimu, mimi nikiwa mdogo. Nilishika maji ya kumwagilia."

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anakumbuka, na ndivyo wazee wetu wanavyokumbuka: wakiuona mramula mnene, baba zao wanaonekana nyuma yake. Nani angembishia? Miramula ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Mpaka wa kweli, kama unautaka, ulikuwa hatua sita mbele, penye jiwe lililozama kwenye nyasi, na mimi nilikanyaga jiwe hilo siku ile nikahisi ubaridi wake kwenye kandambili.

Limi alimgeukia Deodata. "Mama Joyness, na wewe unakubali kwamba huu ni mpaka wako?"

Wote tukamtazama. Alitazama ile miramula, akatazama fimbo ya mzee.

"Ndiyo," akasema. "Ni mpaka."

Nikaandika.

Njia zilikuwa mbili, lazima niseme. Ili barabara itokee kwenye lami, ama ipite nyuma kwa Deodata, ama ipite ubavuni mwa duka letu na kuchukua baraza aliyoijenga baba yangu pamoja na nusu ya stoo. Limi alizibandika ramani zote mbili kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji, siku thelathini, ili mwenye pingamizi aandike. Siku ya ishirini na mbili Deodata akaja dukani.

"Shikamoo, dada Asmaa."

"Marahaba, Mama Joyness. Karibu."

"Nataka uniandikie barua. Balabala isogee kidogo." Akihangaika, r zilimkimbia.

"Sababu niandike nini?"

Akatazama mlangoni. Nje watu walikuwa wamekaa barazani wanacheza bao. "Andika migomba," akasema. "Andika ina miaka mingi."

Niliandika migomba. Ningeweza kuweka kalamu chini nikamwambia, mdogo wangu, naandika kaburi, jina siandiki, na mengine tutayatafutia maneno mimi na wewe. Ningeweza kumpeleka kwa Limi pembeni. Nilikuwa na mkono wa katibu na muhuri wa kamati, na nilijua. Badala yake niliandika kwa mwandiko mzuri kwamba mkazi anaomba barabara isogezwe kwa kuwa migomba yake ina miaka mingi. Niliwaza baraza ya baba yangu. Sitaki kuipamba hiyo.

Kamati ilipoisoma barua, watu waliguna. Mzee Pancras alisema yeye amepoteza migomba arobaini na hajaandikia mtu. Limi, kwa wema wake, akasema kama kuna sababu nzito tutachukua njia ya pili, ile ya dukani. Akanigeukia. "Bi Asmaa, wewe ndiye uliyeandika. Kuna sababu nyingine zaidi ya migomba?"

"Barua imeeleza," nikasema.

Kazi tulifanya kwa msaragambo, siku ya Jumatano na Jumamosi, kila kaya ikichimba kipande cha mtaro kinachopita kwake. Hilo nalo tulilipitisha kwa makofi, ili pasiwe na anayefanya kazi ya mwenzake. Kwa hiyo kipande cha Deodata kikawa cha Deodata.

Kwanza ilibidi mramula ung'olewe kwa adabu. Mzee Pancras alikuja asubuhi, akamsimamisha Deodata upande mmoja, yeye akasimama upande wa marehemu mwalimu, akasema mbele ya watu kwamba mpaka hauondoki, unahamia barabarani kwa ridhaa ya majirani. Wakashika shina moja wote wawili wakavuta. Lilikuwa na mizizi mirefu. Mzee alicheka akasema baba yake alijua kupanda.

Joyness alitaka kumsaidia mama yake kuchimba, akafukuzwa kwenda kuchota maji. Deodata alichimba peke yake mpaka saa nne. Mimi nilikuwa napita na karatasi ya mahudhurio, na kila nilipopita nilipunguza mwendo. Alikuwa amefika kiunoni. Udongo alioutoa ulipokelewa na vijana wenye sepeto, wakaumwaga katikati ya barabara na kuushindilia, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana: udongo wa mtaro uinue barabara.

Kisha jembe lake likasimama. Aliinama, na nikaona mkono wake wa kushoto ukichukua kitu haraka na kufumba. Niliona kamba yake tu kabla ngumi haijafunga: rozari ya plastiki, ya buluu, zile zinazogawiwa kigangoni. Plastiki haiozi. Kijana mmoja wa sepeto akainua mfupa mrefu kutoka kwenye udongo, akauliza hiki ni nini. Watu wakasogea. Mzee Pancras naye akasogea, na macho yake yenye ukungu.

"Mama Joyness, nini kimezikwa huku?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Karatasi mkononi, kalamu sikioni.

"Ni ndama," Deodata akasema. "Ndama wa Gervas."

"Ndama anazikwa? Ndama analiwa."

"Alikufa kwa chambavu. Hakufaa kuliwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Akasema endeleeni, jua linapanda. Ule mfupa ukatupwa juu ya udongo, na udongo ukaletwa mwingine, na kishindilio kikapita. Deodata akaendelea kuchimba. Alichimba kwa mkono mmoja, wa kushoto umefumba, na wale wa kwa jirani wakamtania kwamba anashika jembe kama bibi harusi. Mtaro ulilikata kaburi upande wa miguu, mpaka penye mikono. Sehemu nyingine nadhani imebaki ndani, chini ya mawe ya ukingo. Sikuuliza na sitauliza.

Hapo ningeweza kuishia, na ningebaki mtu mbaya wa kawaida. Lakini nilitaka kutubu, na toba yangu ikamwangukia yeye.

Barabara ilipokamilika ilihitaji jina la kuandikwa kwenye kibao, na kamati ikaitisha mkutano wa mtaa mzima. Majina yalikuja: la mzee Pancras, la mtakatifu fulani, la babu yangu. Mimi nilikuwa sijalala vizuri mwezi mzima. Nikasimama nikasema, iitwe Barabara ya Bernadetha. Nilikuwa sijamwambia Deodata. Nilidhani nampa kitu. Nilidhani atakuwa anapita na kusoma jina la mama yake, na sisi wawili tu ndio tutakaojua.

"Bernadetha ndiye nani?" mzee Pancras akauliza.

Mwanamke mmoja wa nyuma akanitangulia. "Si ndilo jina la yule Bibi, mama yake Mama Joyness? Aliyerudi Nyakisasa?"

"Kweli," akasema mwingine. "Yuko hai? Aitwe basi, aje akate utepe."

"Kama amefariki mbona hatukuambiwa?" mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyenyimwa msiba. "Tumekaa naye karibu miaka ishirini. Mama Joyness, huyu Bernadetha ni mama yako?"

Joyness alikuwa kwenye benchi, kitambulisho chake kipya kwenye mkoba. Alikuwa amekipata wiki ile. Deodata alisimama. Hakumtazama mzee, alinitazama mimi, na nikaona anaelewa, jambo moja baada ya jingine, kurudi nyuma mpaka kwenye bafta.

"Simjui," akasema. "Mama yangu ni mwingine."

Barabara ikaitwa Barabara ya Mramula, kwa heshima ya baba yake mzee Pancras.

Siku ya pili alikuja dukani. Hakuniamkia, na hilo kwetu si jambo dogo. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulipoandika migomba, ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilidhani niko peke yangu na ile siri. Nikasema, ya peke yangu nitaibeba. Kumbe tulikuwa wawili, na ukaniacha nichimbe."

Nilisema nisamehe. Alisema hana nafasi ya hayo, ana ndizi za kuuza. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akashika ule uchochoro wa tope.

Hajaikanyaga barabara tangu siku ile. Baraza ya baba yangu ipo, haikuguswa hata tofali. Jioni watu wanakaa pale, wanamwona anavyozunguka na ndala mkononi, wanamcheka, na mimi nawamiminia kahawa.